Ubao Mmoja Kushoto, Mmoja Kulia

Kabla sijagusa meli ya mbao nilikuwa nimeshaunda za plastiki za mapambo arobaini na moja, na sioni haya kusema zilikuwa nzuri. Mkono wangu ni mzuri. Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia, na mtu anayeweza kuchonga gego la mgonjwa asiyemjua, likakaa kinywani kama lilizaliwa humo, hatishiki na bomba la moshi lenye ukubwa wa punje ya mchele. Kutu ndiyo ilikuwa sifa yangu kubwa. Niliweza kupaka kutu kwenye nanga mpaka mgeni akaigusa kuona kama itamchafua kidole.

Shida ni kwamba mtu niliyetaka azione kuliko wote hakuwa anaona tena.

Baba yangu alikuwa seremala wa meli kwa miaka thelathini na mmoja. Katika karakana yao meli ilianzia kwenye mkuku, ule uti wa mgongo unaolala chini kabisa, ikaishia kwenye ncha ya mlingoti, na yeye alipita kote humo na nyundo yake. Alipokuwa bado na macho, aliziangalia meli zangu za plastiki kwa adabu ile ya mtu anayeonyeshwa picha za harusi ambayo hakualikwa. Siku moja adabu ikamwishia. "Meli isiyo na mataruma ni beseni," akasema. Mataruma ni zile mbavu za ndani ambazo mbao hushikiliwa juu yake. Tangu siku hiyo kila nilipoanza meli mpya aliniuliza beseni limefikia wapi, nami nilimjibu kwamba likiisha atafulia soksi humo. Tulicheka sana. Kisha presha ya macho ikamchukulia jicho moja, baada ya miezi minane la pili, na habari ya beseni haikutajwa tena.

Alihamia kwangu. Alichagua kiti cha dirishani, au tuseme nilimchagulia, akakaa humo miaka miwili na redio pembeni na mikono juu ya magoti. Mikono ile ndiyo iliyoniumiza. Haikuwa na ugonjwa wowote. Lakini alikubali kulishwa kwa kijiko na kufungwa vifungo vya shati, na ukimuuliza anataka chai au maziwa alijibu, "Chochote." Huyu ni mtu aliyewahi kurudisha lori zima la mbao kwa sababu ya fundo moja lililokaa pabaya.

Kaka yangu ni mkubwa wangu kwa miaka sita, mtu wa ofisi mwenye mihuri mitatu mezani, na si mtu mbaya. Alikuja mwanzoni mwa mwezi akaniambia amepaka rangi chumba cha nyuma nyumbani kwake na amempata mama mmoja mpole wa kumhudumia Baba kutwa nzima.

"Wewe unashinda kazini," akasema. "Akianguka bafuni saa nne asubuhi, nani atajua? Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakuja kumchukua."

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Nimemuuliza. Kasema vyovyote tutakavyoamua."

Chumba cha nyuma hakikunitisha, wala yule mama. Kilichonitisha ni hilo neno vyovyote. Nilijua Baba akiingia chumba kile na neno hilo mdomoni atalala chali na hatanyanyuka. Nikamwambia Kaka, "Na akisema hataki?"

"Akisema mwenyewe kwa mdomo wake, mimi ni nani nimlazimishe? Lakini usimfundishe cha kusema. Nakujua wewe."

Nikampa mkono, tukakubaliana. Alikuwa ameshika mlango wa gari aliponigeukia tena, akarudia, "Usimfundishe."

Sikumfundisha. Ila hakuna aliyenikataza kuunda meli. Nilijiambia hivi: nitaunda ya mbao, yenye mkuku na mataruma kama yake, na kabla ya ile Jumamosi nitamwekea mikononi. Akiipapasa atakumbuka yeye ni nani, na mtu anayejikumbuka hasemi vyovyote. Uwezo wa kuiunda sikuutilia shaka hata kidogo. Meli arobaini na moja si mchezo.

Nilipofungua boksi la vipande nililonunua nilidhani wamenipunja. Kwenye plastiki kila kipande kinaning'inia kwenye fremu yake na namba yake, unakikata, unakipaka gundi, gundi inayeyusha plastiki kidogo, na baada ya dakika moja hakitoki. Humu mlikuwa na ubao wa kati uliochongwa mkuku, mataruma kumi na moja, na fungu la mbao nyembamba zilizofungwa kwa mpira, kama mtu amekuletea njiti za kuwashia jiko. Maelekezo yalikuwa karatasi moja, na aliyeyaandika alikuwa bahili wa maneno. Baada ya kueleza mataruma, hatua iliyofuata ilisema: "Weka mbao." Mbao ishirini na mbili kila upande, na maelezo yake maneno mawili.

Mataruma yalinichukua siku tano. Nilifanyia kazi stoo, mlango umefungwa, jioni nikitoka kazini na kukiwa bado kuna mwanga. Yalisimama wima kama meno ya mbele ya mtoto wa shule, nikajipongeza kwa kikombe cha kahawa.

Kisha nikaweka mbao. Kwenye plastiki, ganda la meli huja kwa vipande viwili vilivyofinyangwa kiwandani, cha kushoto na cha kulia. Unamaliza kimoja, unamaliza cha pili, unavigandisha. Kwa hiyo nilianza kushoto na nikaendelea kushoto, bila hata kujiuliza. Nililoweka mbao ndani ya beseni, nikazikunja zikiwa laini, nikazipaka gundi nyeupe, nikazibana kwa vibanio vya nguo mpaka nguo za nyumba nzima zikawa zinaanikwa bila kibanio. Siku tisa. Ubao kwa ubao, bila mwanya wa kupitisha hata unywele. Nilikuwa nikienda kazini naimba.

Siku ya kumi nikatoa vibanio vyote, nikaiinua meli nikaitazama kwa mbele. Ilikuwa inatazama ukutani. Mimi niliielekeza dirishani, nayo ilikuwa inatazama ukutani. Nikachukua rula. Mkuku ulikuwa umekuwa ndizi.

Nilifanya anachofanya kila mtu wa plastiki akiharibu. Nikachukua dawa ya kuzibia, nikajaza pale mbele palipoingia ndani, nikasugua kwa msasa, nikajaza tena. Macho yangu yalianza kuridhika. Ukiitazama ukiwa umesimama mahali fulani, na ukiwa na nia njema, ilikuwa imenyooka. Na nikajidanganya kwamba mtu asiyeona hataona. Zilikuwa zimebaki siku kumi. Nilitaka kujua kama mpango wangu utafanya kazi, kwa hiyo nikaibeba kama ilivyo, upande mmoja una mbao na mwingine uko wazi mbavu nje, nikampelekea dirishani.

"Baba, hebu shika hii."

Niliichukua mikono yake kutoka magotini nikaiwekea meli. Mwanzoni haikufanya kitu. Kisha kidole gumba cha kulia kikasogea, kikapata taruma, kikapata la pili, vikafuata vingine. Akaigeuza chini juu. Akapitisha dole gumba juu ya mkuku kutoka nyuma kwenda mbele, polepole, akarudi, akapita tena.

"Nani kafanya hii?"

"Mimi."

"Imepinda."

"Kidogo tu, Baba."

"Kuanzia taruma la nne mpaka mbele. Na hapa umejaza uji gani?" Alikuwa anagonga pale pale kwenye dawa ya kuzibia, kwa ukucha. "Upande wa kulia uko wapi?"

"Sijaanza bado."

Akapapasa mbavu zilizo wazi. "Kushoto umemaliza yote. Kulia hujaanza hata ubao mmoja."

"Ndiyo."

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Hakuuliza kwa upole. Alifoka. Miaka miwili sauti ile sikuwa nimeisikia, na badala ya kufurahi nilikasirika, maana siku tisa ni siku tisa. Nikamwambia mimi si seremala, karatasi ilisema weka mbao nami nimeweka, na kama kuna siri basi angeisema mapema badala ya kukaa hapo kusikiliza matangazo ya vifo redioni.

"Hakuna siri," akasema. "Ubao uliolowa ukikauka unavuta. Umeurundikia mkuku upande mmoja mbao ishirini na mbili, zote zinavuta, na upande wa pili hakuna wa kuuvuta urudi. Hata mimi ningepinda. Mbao huwekwa mmoja kushoto, mmoja kulia, na meli hailazwi usiku upande mmoja ukiwa umetangulia. Mtoto wa karakana anajua hilo siku ya kwanza. Bandua."

"Zipi?"

"Zote."

Nilienda jikoni nikaosha vyombo kwa kelele. Niliosha hata sufuria zilizokuwa safi. Nilimtukana moyoni aliyeandika ile karatasi, nikaitukana mbao yenyewe kwa kuwa na hasira zake, kitu ambacho plastiki haijawahi kunifanyia. Nilikuwa bado nimenuna niliporudi sebuleni.

Baba alikuwa amekunja mikono ya shati. Vifungo alikuwa amefungua mwenyewe. Alikuwa amechovya leso yake kwenye kikombe chake cha chai ya moto, ameilaza juu ya ubao wa mwisho kule nyuma, na ukucha wake ulikuwa umeshaingia chini ya ubao huo na kuunyanyua kiasi cha vidole viwili bila kuupasua.

"Hii gundi inaogopa moto," akasema. "Lete chai nyingine. Hii imepoa."

Nililia kidogo, nikiwa nimegeukia mlango, ingawa kugeuka hakukuwa na haja. Kisha nikaleta birika zima.

Tulizibandua zote kwa siku mbili. Zilizopasuka zilikuwa sita, na fundi mmoja wa makabati jirani yetu akanipa mabaki yake nikachana nyingine. Mkuku Baba aliubana katikati ya mbao mbili zilizonyooka mpaka ukakumbuka adabu. Msasa aliupima kwa shavu lake, akaukataa wa kwanza na wa pili. Vifaa vyake vya zamani vilikuwa vikubwa mno, hivyo nikampa vyangu vya kuchongea nta ya meno. Alivipapasa kimoja kimoja. "Hivi ni vya daktari wa panya," akasema, lakini kesho yake alipokuta nimevirudisha kwenye mkoba wa kazini aliuliza viko wapi.

Utaratibu aliuweka yeye. Ubao wa kushoto asubuhi kabla sijaenda kazini, wa kulia jioni nikirudi, na katikati unakauka. Mimi nilikata na kupaka gundi, yeye alikunja na kubana, kwa sababu, lazima nikiri, vidole vyake vilijua ubao unataka kwenda wapi kabla macho yangu hayajajua. Mara nyingi niliona umekaa sawa, yeye akasema bado. Niligombana naye kila mara, na kila mara ulikuwa bado. Hiyo haijanipunguzia kujiamini. Imenionyesha tu kwamba arobaini na moja zile niliziunda kwa jicho, na jicho ni mpenda sifa.

Mambo mengine yalitokea bila mtu kuyatangaza. Asubuhi mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika vibanio, basi kijiko akashika mwenyewe. Gundi ilimkera vidoleni, basi akawa anakwenda bafuni kunawa, mkono ukutani, akihesabu hatua kwa sauti: kumi na nne kwenda, kumi na tano kurudi, na hiyo moja ya ziada ilimuudhi mpaka akaitafuta akaipata kwenye kona ya kabati. Jioni nikichelewa nilimkuta amekaa meza ya stoo. "Ubao wa kulia una njaa," angesema, kabla hata sijavua viatu.

Lakini Jumamosi ilikuwa inakuja, na kuhusu Jumamosi hakusema neno. Nami nilikuwa nimeahidi. Ijumaa jioni nilimpangia nguo kwenye begi, mashati saba, sweta, wembe. Alikuwa mlangoni nilipofunga zipu. Alisikia. Aliuliza tu kama gundi itatosha. Nikasema itatosha. Siku ile kujiamini kwangu kote kulikwisha. Nilifikiri, basi, nimempa siku kumi nzuri na ndiyo mwisho wa uwezo wangu.

Jumamosi asubuhi akaniita mapema kutoka stoo. "Leta wa nane," akasema.

Tuliuweka ubao wa nane wa kushoto. Alichukua muda mrefu kuliko siku zote, akabana kibanio cha mwisho, akapitisha kidole kote, ndipo tukasikia gari. Kaka aliingia na funguo mkononi, amevaa shati la kutokea.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Usipige hodi kwa mguu, meza inatikisika."

Kaka akanitazama. Nikatazama dari. Akaliona begi ukumbini, akalichukua begani. "Haya, Baba. Uko tayari?"

"Bado."

"Kumebaki nini? Nisaidie kubeba?"

"Kushoto tuna nane," Baba akasema. "Kulia saba."

Kaka aliisogelea meza, akaiona meli, vibanio vyake, mikono ya Baba iliyojaa gundi kavu. Sijui kama alielewa hesabu ile. Alisema kwa upole, "Basi wekeni huo mmoja nawasubiri."

"Hauwekwi sasa. Huu ukauke kwanza. Wa kulia ni jioni."

"Sawa. Nitasubiri mpaka jioni, sina haraka."

"Subiri," Baba akasema. "Lakini kesho asubuhi tunaweka wa tisa kushoto. Halafu kulia kutakuwa nyuma tena."

"Zote ni ngapi, Baba?"

"Ishirini na mbili kila upande. Kisha sitaha. Kisha milingoti, na huyu mdogo wako mlingoti hajui hata unasimamia wapi."

Ningeweza kulijibu hilo. Nilijibana. Kaka aliteremsha begi polepole, akalishikilia kwa mkono mmoja, akanigeukia na lile jicho lake la ofisini.

"Umemfundisha."

"Wallahi sijamwambia kitu. Muulize."

Alimuuliza. Alichuchumaa mbele ya kiti, suruali yake nzuri ikigusa vumbi la msasa, akasema, "Baba, mimi nimeandaa chumba. Nimekipaka rangi. Lakini kama hutaki kwenda, niambie tu."

Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Nilisubiri lile neno, vyovyote. Baba alifuta vidole vyake kwa leso yenye madoa ya chai, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho.

"Sitaki kwenda," akasema. "Chumba ni kizuri, nakushukuru. Sitaki. Nataka kukaa hapa nimalize kazi."

Kaka aliendelea kuchuchumaa pale. Nilidhani atabisha. Badala yake aliinamisha kichwa, na mabega yake yakatikisika, na sikujua kama anacheka au vipi. Baba alinyoosha mkono, akampapasa kichwa, akashuka begani, akaufuata mkono wake mpaka kwenye vidole, akavivuta akaviweka juu ya ubao wa nane.

"Kibanio hiki kinateleza," akamwambia. "Shika hapa mpaka nikuambie. Taratibu. Usibonyeze kama unagonga muhuri."

Kaka alishika. Nami nilichukua begi, nikalipeleka chumbani, nikafungua zipu kwa nguvu ili Baba asikie.